Maoni ya wanafunzi na jicho la mwenzako: mwongozo kamili wa kuboresha ufundishaji chuoni

Wahadhiri wanaoniandikia kuhusu tathmini za wanafunzi hukwama mahali pamoja. Fomu zimejazwa, idara imetuma ripoti yenye wastani wa 3.8 kati ya 5, chini yake kuna maoni machache, na moja kati ya hayo ni tusi. Mhadhiri analisoma lile tusi mara tano, anafunga barua pepe, semesta mpya inafika na anafundisha vilevile.

Si uvivu. Fomu ya mwisho wa semesta huja darasa lililoijaza likiwa limeshatawanyika. Ina maswali ambayo mwanafunzi hana uwezo wa kuyajibu. Na hujazwa mbiombio, hasa pale ambapo chuo kinamtaka mwanafunzi aijaze kwanza ndipo apate kadi ya mtihani. Ni uchunguzi wa maiti: chanzo cha kifo kitajulikana, ila mgonjwa hafufuki.

Njia iliyo hapa chini ni tofauti. Unauliza mapema, unauliza machache, unamwita mwenzako aje aangalie kile wanafunzi walichokitaja, kisha unarudi darasani na jibu. Nimewafikiria wahadhiri wa Nairobi wenye madarasa makubwa na projekta zinazogoma, wale wa mchana na wale wa masomo ya jioni katikati ya jiji. Semesta ninayoizungumzia ni ya wiki 14. Kama yenu ni fupi, sogeza ratiba.

Utakachohitaji

- Nusu karatasi kwa kila mwanafunzi, zilizochapishwa upande mmoja. Karatasi 45 zikikatwa katikati zinatosha darasa la watu 90.
- Bahasha moja kubwa na gundi.
- Mwakilishi wa darasa, au mwanafunzi yeyote anayeaminiwa na wenzake.
- Dakika 12 za kipindi.
- Mwenzako mmoja aliye tayari kukupa jumla ya saa tatu kwa semesta nzima. Nawe utamlipa kwa kumfanyia vivyo hivyo.
- Daftari. Kompyuta si lazima.

Hatua ya 1: Chagua wiki ya 4 au ya 5

Kabla ya hapo wanafunzi hawajakujua. Wengine bado wanahangaika na karo na usajili, na darasa lenyewe halijatulia. Baada ya wiki ya 7 muda wa kubadilisha kitu umeshapungua, nao wanalijua hilo, kwa hiyo wanaandika kwa kutimiza wajibu tu.

Kusanya maoni kabla ya kurudisha alama za CAT (jaribio la ndani ya semesta) ya kwanza. Aliyepata 9 kati ya 30 asubuhi hawezi kukueleza mchana huohuo, kwa utulivu, iwapo mifano yako inaeleweka. Atakueleza kuhusu ile 9.

Weka zoezi mwanzoni mwa kipindi, dakika 15 hivi baada ya kuanza. Ukiliacha mwishoni, wa jioni watakuwa wameshasimama wakiwahi matatu za Rongai na Githurai kabla nauli haijapanda. Ukilianza saa kumi na moja na nusu kamili, waliokwama kwenye msongamano wa Barabara ya Thika hawatakuwepo, na mara nyingi hao ndio wenye la kusema kuhusu kasi yako.

Hatua ya 2: Andika maswali wanayoweza kuyajibu

Mwanafunzi ni shahidi mzuri wa mambo aliyoyaona na kuyasikia mwenyewe: kama sauti inafika nyuma, kama maelekezo ya kazi yalieleweka, kama CAT ilirudi na maelezo au alama tupu. Si shahidi mzuri wa mambo asiyoyajua. "Je, mhadhiri analimudu somo lake?" ni swali la kumuuliza mwenzako aliyesomea fani hiyo, si kijana wa mwaka wa kwanza.

Tumia maswali matatu ya wazi na mawili ya kutia alama. Haya yanafaa karibu somo lolote:

1. Ni jambo gani tunalofanya darasani linalokusaidia kuelewa? Taja moja.
2. Ni jambo gani linalokuzuia kuelewa? Taja moja.
3. Ni nini ambacho mimi naweza kubadilisha katika wiki zilizobaki, na ni nini ambacho wewe mwenyewe unaweza kubadilisha?
4. Kasi ya somo: polepole mno / sawa / haraka mno.
5. Najua kinachotarajiwa kwangu katika CAT na kazi za kuandika: ndiyo / kiasi / hapana.

Nusu ya pili ya swali la tatu usiiache. Inampa mwanafunzi sehemu yake ya mzigo, na majibu yake yatakufundisha mengi. Wengi wakiandika "nisome kabla ya kuja", ujue wanakubali hawasomi, na huenda ni kwa sababu hujawahi kuwapa sababu ya kusoma.

Andika juu ya karatasi: *Jibu kwa Kiswahili, Kiingereza au Sheng, usiandike jina.* Tunafundisha kwa Kiingereza, sawa, lakini mtu anayetafuta maneno ya heshima kwa lugha ya mtihani hukuandikia sentensi moja baridi. Mruhusu aandike anavyosema na utapata "Lec ako poa lakini anasoma slaidi tu, hata mimi naweza zisoma kwa hao" ("lec" ni mhadhiri, "hao" ni nyumbani). Sentensi hiyo ina habari nzima: hakuchukii, anajua slaidi zipo, na haoni faida ya kuja darasani.

Tahadhari: usiulize kuhusu jambo ambalo huna nia ya kulibadilisha. Kama kipindi cha saa tatu mfululizo kimepangwa na chuo na hakiguswi, kuuliza "Je, kipindi ni kirefu?" ni kuwatania.

Hatua ya 3: Kusanya ukiwa nje ya chumba

Waambie kwa dakika moja: kwa nini unauliza, nani atasoma, na lini utawajibu. Taja siku. Kisha mpe mwakilishi bahasha na utoke. Toka kabisa, usisimame mlangoni ukiperuzi simu. Baada ya dakika 10 mwakilishi anakusanya, anafunga bahasha kwa gundi mbele ya wenzake na kumpelekea yule mwenzako, si wewe.

Sababu ni mwandiko. Darasani mwako umeshasahihisha kazi zao, na wanajua unautambua mwandiko wa baadhi yao. Mwenzako akipokea karatasi na kukuchapia maneno yake, hofu hiyo inaisha. Mtu anayeogopa kunyimwa alama hasemi ukweli, na huwezi kumlaumu.

Kuna wanaopenda Google Forms. Ni rahisi kuhesabu, lakini mambo matatu yanaiangusha. Kwanza, wengi huahirisha hadi wakasahau, na hapo wanaojibu ni wenye mapenzi makubwa au hasira kubwa. Pili, mpangilio wa kukusanya anwani za barua pepe ukiwa umewashwa, ahadi yako ya usiri imekufa. Tatu, kuna asiye na bando siku hiyo. Ukilazimika kuitumia, zima huo mpangilio na uwape muda wa kujaza wakiwa darasani.

Kikundi cha WhatsApp cha darasa si mahali pa zoezi hili kamwe. Jina na namba ya kila mtu zipo wazi.

Na usije na mandazi siku hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa tiba waliopewa biskuti za chokoleti darasani waliipa kozi alama za juu kuliko wenzao waliosoma mambo yaleyale bila biskuti. Biskuti tu! Hilo likukumbushe ni uzito gani wa kuipa tofauti ya 3.8 na 4.1.

*Utajua umefaulu* ukipata karatasi kutoka kwa karibu wote waliokuwepo, na nyingi zina angalau sentensi mbili.

Hatua ya 4: Panga maoni kwa mkono

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

*Anza na mgao, si wastani.* Wastani huficha. Chukua wanafunzi 40: ishirini wanakupa 5, ishirini wanakupa 2. Wastani ni 3.5. Sasa chukua darasa lingine la 40: ishirini wanakupa 4, ishirini wanakupa 3. Wastani ni ileile 3.5. Darasa la pili linahitaji marekebisho madogo. Katika la kwanza umewapoteza nusu, na kazi yako ni kujua nusu gani. Mara nyingi ni wale wasiopitia somo fulani la awali, au wanaokaa nyuma, au wanaofika wakiwa wamechoka na kazi.

*Kisha hesabu wangapi wamejibu.* Majibu 9 katika darasa la 90 ni habari za watu tisa. Yasome, yashukuru, usiyaite sauti ya darasa.

*Sasa maneno.* Mwenzako akishachapa, kata kila oni liwe kipande chake. Yatandaze mezani na uyaweke kwenye mafungu kulingana na jambo linalotajwa, bila kujali ni sifa au lawama. Tuseme darasa la watu 60 limekupa mafungu haya: kasi vipande 22, mifano ya hesabu 17, sauti 11, kuchelewa kwa CAT 9, joto la chumba 6. Tayari unaona pa kuanzia, na si lile tusi.

Baada ya hapo pitisha kila fungu kwenye maswali haya, kwa mpangilio huu:

- Naweza kulibadilisha wiki hii? (Sauti, kasi, kuandika ubaoni kwa herufi kubwa.)
- Linahitaji semesta ijayo? (Mpangilio wa mada, aina ya kazi za kuandika.)
- Liko mikononi mwa mwingine? (Projekta, viti, ratiba.) Liandikie barua fupi kwa mwenyekiti wa idara na uweke nakala. "Wanafunzi 6 kati ya 60 wamelalamikia joto la chumba" ni kauli nzito kuliko "chumba ni kibaya."
- Sitalibadilisha, na nina sababu? Hilo pia ni jibu halali, mradi sababu utaitamka mbele yao.

Fungu la mwisho lisiwe kapu la kutupia kila kinachokuuma. Ninalipima hivi: kama siwezi kuieleza sababu kwa sentensi mbili ambazo mwanafunzi wa kawaida atazielewa, basi sina sababu, nina mazoea.

*Vipi kuhusu matusi?* Mwombe mwenzako ayaondoe kabla hujayaona, ila akuachie kiini kama kipo. "Huyu madam ana kiburi, tukiuliza anakasirika" akikufikishia kama "mmoja anasema ukiulizwa swali unaonekana kukasirika", habari imefika na sumu imebaki kwake. Oni linalohusu mavazi, lafudhi, kabila au umbo lako halina kiini, na litupwe. Kwa wahadhiri wanawake onyo hili lina uzito zaidi. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2015, wanafunzi wa kozi ya mtandaoni walimpa alama za juu mwalimu waliyedhani ni mwanamume kuliko yuleyule walipodhani ni mwanamke. Mwenyekiti wa idara anayelinganisha wastani wa wahadhiri wawili bila kukumbuka jambo hilo anapima kitu kingine kabisa.

*Na yanayopingana?* "Anaenda haraka" na "anaenda polepole" katika darasa moja si mkanganyiko. Ni watu wawili wenye maandalizi tofauti. Suluhisho huwa si kasi ya katikati inayowaudhi wote. Toa mazoezi ya ziada kwa walio mbele, na dakika kumi za kurudia msingi mwanzoni mwa kipindi kwa walio nyuma.

Lala na majibu hayo usiku mmoja kabla ya kuamua lolote. Kisha chagua mambo mawili. Si matano. Mawili utayatekeleza, na wanafunzi watayaona.

Neno kuhusu usiri: maoni yakimtaja mtu kwa jina, iwe mwanafunzi au mhadhiri mwingine, hizo ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina la kusema juu ya namna ya kuzihifadhi. Futa majina unapochapa. Usipige picha karatasi na kuzirusha kwenye kikundi cha idara, hata kama zinachekesha.

Hatua ya 5: Rudi darasani na jibu

Ndani ya wiki moja, kwa dakika tano. Hatua hii ndiyo fupi kuliko zote na ndiyo inayorukwa zaidi. Ikirukwa, mara nyingine utakapouliza hutajibiwa.

Sema kwa mpangilio huu: mlichosema, ninachobadilisha kuanzia leo, nisichoweza na kwa nini, ninachoomba kwenu. Kwa mfano:

"Watu 22 mmesema ninakimbia. Kuanzia leo, baada ya kila mfano nitasimama dakika mbili mjaribu wenyewe kabla sijaendelea. Watu 9 mmelalamikia CAT kuchelewa. Nitairudisha Alhamisi ijayo, na kila moja itakuwa na mstari mmoja wa maelezo. Baadhi yenu mmeomba nisiulize maswali kwa majina. Kuuliza kwa majina nitaendelea nako, kwa sababu bila hivyo wanajibu walewale watatu wa mbele, lakini mtu akisema 'nirudie baadaye' nitamrudia bila kumwaibisha. Nanyi wengi mmeandika kwamba mnapaswa kusoma kabla. Sawa, nitawapa kurasa tano, si sura nzima."

Usijitetee. Usitafute aliyeandika nini, hata kwa mzaha. "Nani huyo amesema sisikiki?" ukiitamka ukicheka, darasa zima limejifunza kunyamaza.

*Utajua umefaulu* wiki mbili baadaye, mwanafunzi atakapokukumbusha ahadi yako: "Daktari, zile dakika mbili." Hilo si utovu wa adabu.

Hatua ya 6: Mwite mwenzako akutazame

Wanafunzi wanakuambia panapouma. Kwa nini panauma, hawawezi kukuambia. Mwaka 1980 Peter Cohen wa Marekani alizipitia tafiti za kulinganisha walimu waliopewa matokeo ya tathmini katikati ya muhula na wasiopewa. Waliopewa matokeo peke yake walipanda kidogo. Waliopewa matokeo pamoja na mtu wa kukaa nao na kuyajadili walipanda zaidi.

*Nani wa kumwita.* Asiwe anayekaa kwenye kamati ya kukupandisha cheo au kuamua mkataba wako. Asiwe pia rafiki wa chai ambaye atakuambia kila kitu kilikuwa sawa. Wa idara nyingine anafaa sana: asiyejua uhasibu ataona upesi mahali ambapo umerusha hatua, kwa sababu hapo ndipo naye atapotea. Kama unafundisha kwa mkataba wa muda vyuo viwili au vitatu, mwombe mwenzako wa muda. Mnakutana kwenye lango lilelile kila wiki.

*Kikao cha kabla, dakika 20.* Mpe muhtasari wa maoni na umuulize jambo moja au mawili. "Nitazame halafu uniambie" ni ombi linalozaa sifa za jumla. Ombi zuri ni hili: "Wanasema nakimbia. Tafadhali andika kila ninapouliza swali, nasubiri sekunde ngapi, na nani anajibu."

*Siku yenyewe.* Waambie wanafunzi kwamba mgeni amekuja kumtazama mhadhiri, si wao. Mwenzako anakaa nyuma, pembeni, ambako anaona nyuso na si visogo tu. Hasaidii kufundisha, hata akiulizwa. Anagawa ukurasa sehemu tatu: dakika, anachofanya mhadhiri, wanachofanya wanafunzi. Anaandika kinachotokea, si anachofikiria:

*Dakika ya 14: aliuliza "Mnaelewa?" Sekunde 1. Hakuna jibu. Akaendelea.*
*Dakika ya 22: aliuliza kwa nini mstari unapinda. Akajibu mwenyewe.*
*Dakika ya 31: safu tatu za nyuma, simu 11.*

Hiyo sekunde moja si ajabu. Mary Budd Rowe, aliyerekodi madarasa mengi ya sayansi huko Marekani, alikuta walimu kwa kawaida husubiri karibu sekunde moja tu baada ya swali. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojibu wakaongezeka. Sekunde tatu mbele ya watu 80 walionyamaza ni muda mrefu ajabu. Hesabu kimoyomoyo.

*Heshima na ukweli.* Kuna ugumu wa kwetu ambao miongozo ya nje haiutaji. Mhadhiri msaidizi akialikwa kumtazama profesa aliyemfundisha, atasema nini? Atasema, "Prof, kipindi kilikuwa kizuri sana." Hawezi kusema vinginevyo, na adabu yake si kosa. Ndiyo maana ninasisitiza hesabu. "Prof, uliuliza maswali 16, 13 ulijibu mwenyewe" ni taarifa, haina dharau, na mkubwa anaweza kuipokea bila mdogo kuvuka mpaka. Mkubwa naye ana wajibu: aombe hizo hesabu kwa mdomo wake, mapema.

Hatua ya 7: Kikao cha baada

Kifanyike ndani ya siku mbili, kumbukumbu ikiwa bado ina joto, mahali pasipo na masikio. Ofisi ya watu sita si mahali pake. Kibanda cha chai nje ya lango ni bora.

Aliyefundisha anaanza: ni wapi nilihisi darasa liko nami, ni wapi lilinitoka? Mara nyingi atayataja mwenyewe nusu ya yaliyoandikwa. Kisha mwenzako anasoma rekodi, dakika kwa dakika, bila kuongeza sifa wala lawama. Mnatafuta pamoja uhusiano na maoni ya wanafunzi.

Tuendelee na mfano wetu. Watu 22 walisema unakimbia. Rekodi inaonyesha huongei haraka hata kidogo. Unaruka hatua: mfano wa kwanza ulitoka mstari wa pili hadi wa tano bila maelezo, na swali la "mnaelewa?" halikungoja jibu. Kupunguza kasi ya maneno kusingesaidia kitu. Dawa ni kuandika hatua zote ubaoni na kuuliza swali linalohitaji jibu halisi. Tofauti hiyo usingeipata kwenye fomu ya wanafunzi peke yake.

Malizeni kwa jambo moja la kujaribu na tarehe. Rekodi inabaki kwa aliyefundisha. Mwenzako haendi nayo, haizungumzii kwa wengine, haiweki kwenye faili la idara. Siku ambayo mkuu wa kitivo ataomba rekodi hizo kwa ajili ya kupandisha vyeo, zoezi limekwisha, kwa sababu kuanzia hapo kila mtu atakaribisha wageni siku ya somo lake bora tu.

Hatua ya 8: Pima tena wiki ya 9 au ya 10

Fanya kwa ufupi. Nusu karatasi, maswali mawili: *Mabadiliko tuliyofanya yamekusaidia? Ni jambo gani bado halieleweki?* Dakika nne zinatosha.

Lakini usipime hisia peke yake. Weka kwenye CAT ya pili swali moja linalolingana kwa ugumu na swali lililowashinda kwenye ya kwanza, kisha linganisha. Kuna sababu. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia: waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi kwa kipimo cha mtihani, ilhali wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko walioketi kusikiliza mhadhara laini. Ukianza kuwafanyisha mazoezi, jiandae kuambiwa "hafundishi, anatupa kazi tu." Waeleze mapema kwa nini unafanya hivyo, na uwaonyeshe alama zikipanda.

Alama zisipopanda, mwite mwenzako tena kabla hujabadilisha kitu kingine.

Hatua ya 9: Sasa soma ile fomu rasmi

Ikifika, isome pamoja na mwenzako. Linganisha somo na lenyewe: somo la lazima la watu 200 usililinganishe na la hiari la watu 18, wala la saa mbili asubuhi na la jioni. Angalia maswali yanayohusu mambo uliyoyagusa tu. Tofauti ya semesta moja si kitu. Subiri ya tatu.

Kama mkataba wako wa muda unategemea wastani huo, usingoje uitwe. Andaa ukurasa mmoja na uubebe kwenye mazungumzo ya kuongeza mkataba: wanafunzi walisema nini wiki ya 5, ulibadilisha nini, swali lile la CAT lilijibiwaje mara ya kwanza na mara ya pili, na wangapi walijibu kila zoezi. Usiweke rekodi ya mwenzako wala maneno ya mwanafunzi yanayoweza kumtambulisha. Uweke tarehe, sahihi yako, na nakala kwenye faili lako mwenyewe nyumbani, kwa sababu wenyekiti wa idara hubadilika na faili za ofisini huhama nao.